Mtoto Mnene wa Straton

Nimeshona nguo hapa Gisenyi tangu nikiwa msichana, na katika maisha yangu nimewadharau watu wengi, wengine kwa haki na wengine kwa sababu tu cherehani ilikuwa imenikatikia uzi. Lakini sijapata kumdharau mtu kama nilivyomdharau Straton Nsengiyumva. Ninasema mapema ili msomaji asingoje nimwonee huruma mbele ya safari. Wako wanaoniambia, “Saidati, yale yamepita.” Yamepita kwao.

Straton alikuwa boyi wa meza katika hoteli moja ya ufukweni, miaka ile ya katikati ya hamsini, Wabelgiji walipokuwa wakija kwetu kupumzika na kuota jua mbele ya ziwa. Kazi yake ilikuwa kupeleka sahani zikiwa zimejaa na kuzirudisha zikiwa tupu. Si kazi ya kuchekwa. Baba wa watoto wangu alikuwa utingo wa lori, na sikuona haya. Lakini Straton aliibeba kazi ile kana kwamba amepewa uaskofu. Alivaa kanzu nyeupe yenye vifungo vya shaba, mshipi mwekundu kiunoni, na glavu nyeupe ambazo hakuzivua hata alipokuwa akipita njia ya vumbi ya sokoni kurudi nyumbani. Alitembea kama mtu aliyebeba sinia hata mikono ikiwa mitupu. Ukimsalimia, alikutazama kwanza viatu, kisha ndipo aamue kama utajibiwa.

Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa minyaa tu, kwa hiyo hakuna lililopita kule nisilolisikia. Mkewe, Donatha, alikuwa msichana wa Kanama, huko vilimani, mwenye mabega ya mtu aliyelima tangu utotoni na sauti ndogo. Walikuwa na watoto watatu: Eliezer, dada yake Thacienne, na kitinda mimba wao, Uwimana. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi nyeusi ya volkano, si kikubwa, na Donatha alikijaza vitu mpaka paka hakuwa na pa kupita. Kulikuwa na migomba michache, na chini yake magimbi yaliyokunywa maji ya kuoshea vyombo. Maboga yalitambaa mpaka juu ya paa la jiko. Pembeni palikuwa na mtama na ulezi, katikati viazi vitamu, na kila palipobaki nafasi ya kiganja, dodo, yaani mchicha, na isogi, yale majani machungu ambayo watu wa vilimani hawali ugali bila hayo. Na kila mahali, juu ya miti na chini ya miti, maharagwe.

Maharagwe yake yalikuwa ya rangi zote kwenye mfuko mmoja. Meusi, mekundu, ya manjano, yenye madoa, mengine ya zambarau kama kitambaa cha kanisani. Mama yake alimpa mfuko ule siku alipoolewa, kama mama wa mama yake alivyofanya. Mimi mtu wa mjini nilidhani ni uvivu wa kuchambua, na siku moja nilimwambia hivyo kupitia ua. Alicheka.

“Hapana, Mama Ramazani,” alisema. “Hii nyeusi inapenda mvua. Hii ya njano inaozaka na mvua, lakini jua haiogopake. Hii inapanda ku muti, hii inakaa chini. Mwaka haunielezake utakuwa namna gani, donc mi napanda yote.”

Basi watoto wale walikula majani ya maharagwe yakiwa machanga, wakala maganda mabichi, wakala maharagwe yasiyokauka, na mwisho wakala makavu. Hapo katikati walikula dodo, boga, uji wa ulezi na gimbi la kuchoma. Sikuwahi kusikia sufuria ya Donatha ikikaa kimya. Uwimana alipoanza kutambaa alikuwa na mapaja magumu na sauti iliyonikatisha usingizi wa mchana, na mimi nilikuwa nikimtukana kwa upendo kutoka upande wangu wa ua.

Straton alikuwa akiita bustani ile msitu. Aliona haya nayo kama mtu mwingine anavyoona haya na ndugu mlevi. Nilimsikia mara nyingi.

“Mi natumikia Bazungu nyama na mayai,” alikuwa akisema, “nikuje ku nyumba nikule majani sawa mbuzi? Donatha, unanipatishaka haya.”

Mayai yenyewe alikuwa akiyaona tu, lakini hilo hakulisema.

Msiba wetu ulianzia mezani. Wake wa Wazungu wa mji, wasiokuwa na la kufanya mchana, waliunda kamati ya kutafuta nyumba ya mfano miongoni mwa nyumba za watu weusi. Wangepita kutazama ua, choo, mapazia na meza ya kulia. Nyumba itakayoshinda ingepigiliwa kibao cha bati kilichopakwa rangi juu ya mlango, na familia ipigwe picha. Straton alisikia habari hizo akimimina kahawa, na kuanzia siku hiyo hakulala tena kama binadamu. Kibao cha bati! Mtu mzima, baba wa watoto watatu, alikondeana kwa ajili ya bati ambalo mimi nisingelizibia tundu la kuku.

Alingoja Donatha aende Kanama kwenye matanga ya shangazi yake. Siku hiyo hiyo alileta vibarua wawili wenye majembe. Waling'oa kila kitu. Migomba ilikatwa, magimbi yakatupwa njiani, maboga machanga yakapasuka chini ya miguu yao. Nilisimama kwenye ua nikamwuliza kama shetani amempanda. Aliniambia kwamba mambo ya usafi yana watu wake. Kisha akaleta majani ya pasi, zile nyasi fupi za kukanyagwa tu, kutoka uwanja wa hoteli, akayapanda kwa mistari, akayazungushia maua mekundu ya kizungu yasiyoliwa hata na mbuzi. Na vibarua aliwalipa nini? Aliwapa mfuko wa mbegu. Maharagwe yote ya Donatha, ya mama yake na ya bibi yake, wale wanaume walikwenda kuyachemsha, na sina lawama nao; walikuwa na njaa na walilipwa.

Donatha aliporudi hakupiga kelele. Alisimama mbele ya majani yale mafupi, Uwimana mgongoni, akauliza kitu kimoja tu.

“Mbegu iko wapi?”

“Utanunua ingine mu soko,” Straton alisema. “Ya rangi moja. Safi.”

Hakununua, kwa sababu fedha ya nyumba ilikaa mfukoni mwa Straton, na pa kupandia hapakuwapo.

Sasa nataka lieleweke jambo moja, maana ndipo upumbavu wa mtu yule ulipojificha. Nyumba ile haikukosa chakula. Straton hakuwa bahili. Kila jioni alileta mikate ya hotelini iliyobaki, viazi vya kizungu, jamu kwenye kikombe na sukari kwenye karatasi. Sokoni alinunua unga wa muhogo mweupe kama chokaa. Watoto walikula mkate na chai tamu asubuhi, bugali wa unga ule mchana, viazi na mkate jioni. Walishiba mpaka wakapiga mbweu. Nyama ilibaki kwenye meno ya wageni. Maziwa yalikwenda kwenye kahawa yao. Majani, maharagwe, ulezi, vyote vilikuwa chakula cha watu wa kilima, na kilima kilikuwa kimepigwa marufuku katika nyumba ile.

Donatha alijaribu hila moja, na hadi leo nikiikumbuka nacheka kabla sijakasirika. Alipata mbegu za dodo, ile aina nyekundu, akazipanda katikati ya maua. Zikaota vizuri kuliko maua yenyewe. Kamati ilipopita mara ya kwanza, madamu mmoja mwenye kofia kubwa aliinama, akayashika majani yale mekundu na kuyasifu kwa Kifaransa mpaka mate yakamtoka. Straton alivimba kichwa. Asubuhi na jioni akawa anayamwagilia maji, akiyapangusa vumbi kwa kitambaa cha mezani. Aliyalea wiki nyingi. Kisha siku moja akarudi mapema, akafunua sufuria, akakuta maua yake yamepikwa kwa chumvi na kitunguu, Uwimana akiyala kwa mikono miwili. Nilisikia sufuria ikigonga ukuta. Aliyang'oa yote kabla ya jua kuzama.

Eliezer na Thacienne walijiokoa. Walikuwa na miguu. Walikula kwangu, wakala kwa majirani, wakatafuta mapera na vijisamaki vya ziwani vilivyojaa miiba. Lakini Uwimana alikuwa ameachishwa ziwa wakati ule ule, na hakuwa na miguu ya kumfikisha mbali. Alikula alicholetewa na baba yake.

Basi mtoto akaanza kunona. Hivyo ndivyo watu walivyosema. Mashavu yakawa ya mviringo, yakang'aa. Miguu ikajaa mpaka viatu vikakataa. Nywele zake, zilizokuwa nyeusi tititi, zikalainika zikawa na rangi ya kutu, na ngozi ikapauka. Na sasa nisikilize vizuri, maana jambo hili asingelifanya mtu mwingine yeyote isipokuwa boyi wa meza mwenye glavu: Straton alifurahi. Alimnunulia soksi nyeupe ndefu na gauni lenye marinda, ambalo nilimshonea mimi, akawa anampitisha barabarani kila Jumapili baada ya misa.

“Muone vile ananona,” aliwaambia watu. “Muone nywele. Inaanza kuwa sawa ya Bazungu. Ni mukate ile. Chakula ya bazungu inabadilishaka mutu.”

Na mtaa wetu, mtaa wa wajinga waliovaa viatu, ulimpongeza. Fundi baiskeli alimpongeza. Mwenye duka la chumvi alimbana mtoto shavu, akauliza mkate huo unatoka hoteli gani. Walikuwapo akina mama ambao walianza kuwanyima watoto wao maharagwe. Kwa kweli ni watu wa kutiwa gunia moja na Straton na kufungwa kamba.

Hakuna aliyeona kwamba mtoto amenyamaza. Uwimana aliyekuwa akinikatisha usingizi hakulia tena. Hakucheka. Ukimkalisha mahali, ulimkuta hapo hapo, nzi wakitembea kwenye midomo yake na yeye hana habari nao. Straton alisema ni adabu.

Niliona hali si ya kawaida, nikapika maharagwe na mafuta ya mawese, nikampitishia Donatha bakuli juu ya ua. Alilitazama bakuli lile kwa muda mrefu. Kisha akanirudishia.

“Asante, Mama Ramazani. Tumekula.”

Nilimtukana Straton moyoni, na Donatha pia. Lakini mimi, Mswahili wa mjini, nimeishi na Wanyarwanda maisha yangu yote na ninawajua. Kwao mtu hataji mbele ya wengine alichokula wala alichokikosa. Kukubali bakuli la jirani mchana kweupe ni kutangaza kwamba mumeo hakulishi, na mwanamke aliyelelewa vizuri afadhali afe kuliko kutamka neno njaa nje ya nyumba yake. Donatha alilelewa vizuri mno. Nami nikasema basi, na aendelee na adabu zake, nikala maharagwe yangu kwa hasira.

Kibao walikipata. Kamati ilikuja, ikakunja pazia, ikachungulia choo, ikahesabu uma. Madamu wa kofia alimwinua Uwimana, akasema ni mtoto mnene na mtulivu kuliko wote aliowaona. Bati likapigiliwa. Picha ingepigwa baadaye, mpiga picha wa Goma atakapopata nafasi, na Straton aliambiwa mtoto yule lazima akae katikati.

Kabla ya picha akaja mama yake Donatha, Mukandutiye, kwa miguu kutoka Kanama, na kikapu kichwani. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye mdomo kama wangu. Alimtazama mjukuu wake, akamkalisha mapajani, akavuta chini soksi moja na kubonyeza mguu kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Lilikaa pale kama alama kwenye bugali.

“Bwaki,” alisema. “Muna nyumba yenye kibao, na mutoto iko na bwaki.”

Neno lile halihitaji tafsiri vilimani kwetu. Ni ule ugonjwa unaomvimbisha mtoto maji huku mwili unakwisha ndani. Mukandutiye alisema anamchukua mtoto na mama yake leo leo. Straton alikuwa amesimama mlangoni. Kwa desturi yao, mkwe hamtazami mama wa mkewe usoni, na wala hambishii. Shujaa wetu wa mikate aliangalia kucha zake na kusema, “Ndiyo, mabukwe.” Waliondoka mchana ule.

Mimi nilikuwa nikiuza nguo soko la Kanama, kwa hiyo nilipita kuwaona. Mukandutiye alimlisha mtoto kidogo kidogo, kutwa nzima: uji wa ulezi uliotiwa maziwa ya ng'ombe wa jirani, maharagwe ya rangi zote yaliyopondwa bila maganda, dodo, isogi, boga, tena maharagwe. Maji yakaanza kutoka mwilini. Na yalipotoka, wallahi, alibaki kitu cha kutisha. Mbavu, magoti, shingo kama bua. Ule unene wote ulikuwa maji tu. Lakini nilipomkaribia alinitazama moja kwa moja, akanyakua mkufu wangu, na nilipomnyang'anya akapiga ukelele uliofukuza kuku uani. Alikuwa na sura mbaya kabisa na mimi nilifurahi nikambusu kipaji cha uso.

Niliporudi mjini nilimweleza Straton. Nilidhani ninampa habari njema. Yeye alisikia neno moja tu, kwamba mtoto amekonda.

Alikwenda Kanama kwa baiskeli ya hoteli, na alichagua saa. Alikwenda wakati Mukandutiye yuko shambani upande wa pili wa kilima, asije akalazimika kuangalia kucha tena. Donatha alinisimulia yote. Alikuwa akipepeta mtama uani, mtoto pembeni yake akigonga kopo. Uwimana alipomwona baba yake akatambaa kumfuata, akicheka. Straton hakukiona kicheko. Aliona mbavu.

“Munamunyima chakula!” alisema. “Alitoka kwangu munene, anasifiwa na Bazungu, mumemufanya mufupa! Picha iko karibu. Mutu atasema nini?”

“Baba Eliezer, anapona,” Donatha alimwambia. “Sikia vile anacheka. Muache mwezi moja tu.”

“Ni mutoto wangu.”

Na hapo alikuwa na haki, kwa sheria ya kilima na ya mjini; mtoto ni wa baba. Alimfunga Uwimana kifuani kwa kanga na kuteremka. Mtoto alilia mpaka kona ya barabara. Donatha aliacha ungo chini, akafuata kwa miguu, bila kumngoja mama yake.

Mkate ukaanza upya, na safari hii kwa bidii. Chai ya sukari kama asali, jamu kwa kijiko, bugali mara mbili. Straton alimlisha mwenyewe akiwa amevaa glavu, nami nilimwona, akimbembeleza kwa sauti ya upendo. Alimpenda yule mtoto. Msinielewe vibaya; alimpenda, na ndiyo maana ninamdharau zaidi. Mtu katili unaweza kumkimbia. Mtu kama Straton anakukumbatia huku anakuua na kukuimbia wimbo.

Maji yalirudi upesi kuliko mara ya kwanza. Mashavu yakajaa, macho yakadidimia. Sauti ikazimika. Jumapili akampitisha tena barabarani, na alipofika mlangoni kwangu alisimama, akiwa na mdomo wazi wa ushindi.

“Mama Ramazani, ulisema nini? Muangalie! Amenona tena.”

Niliacha cherehani. Nilimwambia hiyo si nyama, ni maji, na kama hataki maneno ya mama mkwe wala yangu, abonyeze mguu mwenyewe. Alicheka. Nikarudia. “Bonyeza, Baba Eliezer. Vua glavu yako ubonyeze.”

Sijui kwa nini alitii. Labda kwa kuwa watu walikuwa wakitazama. Alivua glavu, akainama, akashusha soksi nyeupe, akabonyeza. Akaondoa kidole. Shimo lilibaki, na mtoto hakushtuka, hakuvuta mguu, hakumtazama. Straton alilitazama shimo lile. Nilimwona akilitazama, nikamwona akielewa. Uso wake ulibadilika, ukawa uso wa mtu wa kawaida, wa mkulima mwenye hofu, na kwa dakika ile moja nilikuwa tayari kumsamehe yote.

Kisha akatazama huku na huku, akavuta soksi juu taratibu, akaikunjua vizuri mpaka gotini.

“Picha ni Jumapili inayokuja,” alisema. “Kisha tutaenda ku hospitali.”

Nilimtemea mate mbele ya viatu. Alivaa glavu yake. Aliondoka naye.

Donatha hakungoja Jumapili. Katikati ya wiki mtoto alianza kuharisha, na Straton akiwa kazini, alimbeba mgongoni kwenda hospitali. Mimi nilitembea nao. Mtawa alimpokea kwa haraka na kufanya alichoweza, lakini alitikisa kichwa tangu alipofunua nguo. Uwimana alikufa kabla ya adhuhuri, kimya, kama alivyokuwa akiishi katika nyumba ya mfano. Tulirudi naye kwa njia ya ziwani. Donatha hakulia njiani, na mimi nililia kwa niaba yetu sote, kwa sauti kubwa, bila haya.

Matanga yalijaa. Mtaa mzima ulikuja, wale wale waliombana shavu. Mukandutiye alikuja kutoka Kanama akakaa chini ukutani, mgongo kwa watu. Madamu wa kofia alileta maua, akasema maneno mafupi, akaenda. Straton alipokea wageni mlangoni na kanzu yake nyeupe, akiwashukuru mmoja mmoja kwa sauti ya hotelini. Macho yake yalikuwa mekundu. Watu walimpa pole, wakanung'unika juu ya homa, juu ya uchawi, juu ya hewa mbaya ya ziwa.

Wote walipokwisha kuketi, alisimama katikati.

“Nawashukuru,” alisema. “Ni mapenzi ya Mungu. Kitu moja tu inanipatia nguvu. Mutoto yangu mulimuona wote, alikuwa munene. Alikufa anashiba. Hata mutu moja hawezi kusema mu nyumba yangu mutoto alikufa na njaa.”

Watu waliitikia kwa vichwa. Mwenye duka la chumvi alisema, “Ni kweli kabisa.” Nilifungua mdomo, lakini sikuwahi.

Donatha alikuwa ameketi mkekani kati ya wanawake, kichwa kimefunikwa. Alifunua uso. Tangu aolewe sikuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina lake. Mwanamke wa kwao hafanyi hivyo hata katika ugomvi. Alizungumza kwa sauti ile ile ndogo, na chumba kizima kikasikia.

“Straton,” alisema. “Uwimana alikufa na njaa.”